Kabla ya King'amuzi Kipya, Tukague Paa

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet, nawaomba msikimbilie dukani picha inapoganda. Mitambo ya analojia ilipokuwa hewani, mawimbi yakidhoofika tulitazama habari kwa chenga, lakini tulitazama. Tangu izimwe mwaka 2015, dijitali haina huruma hiyo. Picha huwa safi, kisha mawimbi yakipungua kidogo tu inakatika vipande na skrini inabaki tupu. Ndipo wengi hudhani king'amuzi kimekufa, wakanunua kingine, na tatizo likabaki pale pale juu ya mabati.

Fungua kwanza menyu ya king'amuzi utazame vipimo viwili: nguvu na ubora wa mawimbi. Ubora ndio wa kuamini. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, busta huenda inakuza makelele pamoja na mawimbi, jaribu kuitoa.

Kisha fuata waya. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri nyingi, na mvua ya mawe ya Kericho ni kali kiasi kwamba katika miaka ya 1960 roketi zilirushwa mawinguni kujaribu kuokoa majani chai. Viungo vya waya hupigwa na hayo yote bila kifuniko. Ukiona shaba imegeuka kijani, kata sehemu hiyo, funga kichwa kipya na ukizungushie tepu vizuri. Uache waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, maji yadondoke nje.

Usisahau mikaratusi. Hukua haraka mno, na antena iliyoona mbali miaka michache iliyopita huenda sasa inatazama ukuta wa majani. Majani yaliyolowa hudhoofisha mawimbi zaidi, ndiyo maana chaneli nyingine hupotea baada ya mvua. Hamisha antena au ongeza urefu wa nguzo, hasa kama unaishi bondeni. Angalia pia antena za majirani wanaopata picha nzuri: zimeelekea wapi, na fito zake zimelala au zimesimama? Fuata mfano wao. Geuza kidogo kidogo, ukisubiri sekunde chache kila mara, kwa kuwa king'amuzi huchelewa kuonyesha badiliko. Antena ikishatulia, tafuta chaneli upya.

Kazi hii ifanyike asubuhi, mabati yakiwa makavu, nguzo ikiwa mbali na nyaya za stima. Radi ikianza kunguruma, shuka.

Vijana, hapa nawageukia ninyi. Kuna kogo, yaani nyanya mzee, kijijini kwako asiyeweza kupanda ngazi, na habari za nchi hii zimemfungia mlango kwa sababu ya kiungo kilichoshika kutu. Mpitie. Usimwambie anunue kitu kabla hujakagua waya wake, na usimtoze bei ya mgeni.

Chaneli zikipotea kijiji kizima kwa wakati mmoja, msipande paani. Kosa huenda liko kwenye mnara. Andikeni tarehe, saa na majina ya chaneli zilizopotea, mpeleke malalamiko kwa kampuni inayorusha matangazo. Isipojibu, yapelekeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yakiwa na majina ya nyumba zote zilizoathirika.