Asiye na mwajiri, nani anamtibu?

Kwa miongo mingi Lubumbashi ilijua hasa aina moja ya bima ya afya: kazi ya baba. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, na baada yake Gécamines, ziliwatibu wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika hospitali za kampuni. Aliyekuwa na baba kazini hakuwa na haja ya kuuliza bei ya kitanda.

Halafu Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kupunguza wafanyakazi uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ukapewa jina la kuchekesha kidogo, “départs volontaires”, yaani kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi 10,655 walipokea kitita cha fedha na kwenda nyumbani. Walichopoteza si mshahara tu, bali pia hospitali na shule za watoto.

Leo watoto wa wazee hao ndio mafundi wa mtaa wa Katuba, madereva wa teksi na mama wanaouza unga katika soko la mtaa wetu wa Kenya. Wanaishi kwa “Article 15” maarufu ya Kongo: jitafutie. Mtu wa namna hiyo akitaka bima ya familia nzima, anaelekea wapi? CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inashughulikia pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Malaria ya mtoto haimo. Sheria ya mwaka 2015 iliondoa ukiritimba wa Sonas, kampuni ya bima ya serikali, na kampuni binafsi za bima zikaingia sokoni, lakini wateja wao wa afya ni hasa mashirika yanayowalipia wafanyakazi kwa kundi. Mpango wa serikali wa uzazi wa bure, uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023, ni msaada mkubwa kwa mama anayejifungua. Baba mwenye ngiri bado anajilipia.

Matokeo yanajulikana mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza jinsi akina mama waliojifungua katika hospitali kubwa ya jimbo hapa Lubumbashi walivyozuiliwa humo na watoto wao wachanga kwa sababu ya deni. Ndugu wanachangishana, pikipiki inauzwa, ndipo mama anatoka.

Imebaki mutuelle ya afya, ambayo tangu Februari 2017 ina sheria yake. Wanachama wanachanga, na chama kinalipa sehemu kubwa ya gharama katika vituo kilivyopatana navyo. Wengi husema kikwazo ni umaskini. Ni kweli kwa kiasi fulani, lakini kikwazo kinachosahaulika ni kalenda. Anayepata riziki kwa siku hawezi kudaiwa mchango wa mwaka kwa siku moja, hata mchango huo ukiwa mdogo. Nchi ya Kenya imeliona hilo: mfuko wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ulioanza Oktoba 2024, unamkata mwenye mshahara asilimia 2.75 kila mwezi, lakini aliyejiajiri alitakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Baadaye serikali ililazimika kutafuta njia ya kumruhusu alipe polepole.

Wakongo walikuwa wamelitatua jambo hili zamani. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi, hospitali ya wilaya ilianzisha bima yake. Mchango ulikusanywa wakati wakulima wanapouza mazao, fedha zikiwa bado mkononi. Familia iliandikishwa yote, si mgonjwa peke yake, na mwanachama aliyelazwa alijilipia asilimia 20 tu. Sharti hilo la familia nzima linaonekana kali, lakini ndilo linalookoa mfuko. Kila nyumba ikimwandikisha bibi mwenye kisukari na kuwaacha vijana wazima nje, sanduku litakauka kabla mwaka haujaisha.

Mazao ya Lubumbashi ni mauzo ya kila siku, na wa kuyakusanya wapo tayari. Sokoni kuna likelemba, yaani upatu, na kuna kadi ya akiba: mama anatoa kiasi kilekile kila siku, na anayekusanya anachukua ya siku moja kama ujira wake. Mutuelle inayofungua ofisi mjini na kungoja watu waje haijawajua watu wake. Ikapatane na vikundi hivyo, au ipokee faranga kidogokidogo kwa simu.

Hata hivyo, anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa. Vituo gani vinapokea kadi? Upasuaji wa uzazi umo? Muda wa kungojea ni miezi mingapi? Mtoto wa ndugu anayelelewa nyumbani anahesabiwa? Majibu yawe kwa maandishi.

Na serikali ya jimbo isijifiche nyuma ya umaskini. Katika Tanzania, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kiwango cha chini namna hiyo kinahitaji nyongeza ya mfuko wa umma. Jimbo letu la Haut-Katanga linazo fedha. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inalipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha unaotozwa juu ya shaba na kobalti yake. Wabunge wa jimbo watenge sehemu ya fedha hizo katika bajeti ijayo, ilipe nusu ya mchango wa kila familia isiyo na mwajiri.