Nyumba ya rehani Munigi: gishe imefungwa, deni liko wazi

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango. Wakaaji wengi walihama: wengine Kinshasa, wengine Kampala ao Nairobi. Kati yao wamo waliojenga Munigi kwa mkopo wa benki, nyumba yenyewe ikiwa rehani. Leo nyumba hiyo haina mnunuzi, na mwenyewe yuko mbali.

Kufungwa kwa gishe hakufuti mkataba. Benki itakapofungua, itauliza deni lake, pengine pamoja na riba na faini za miezi yote hii. Lakini mkopaji angelipa kwa njia gani? Duka lake lilikuwa Goma, mpangaji wake naye amekimbia.

Hapo ndipo vishawishi vinaanza. Kamisionere anapiga simu: kuna mtu ana dola mkononi, atatoa nusu ya bei, karatasi mtaandikiana wenyewe. Tahadhari. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, rehani huandikwa kwenye sertifika ya uandikishaji, nayo hufuata nyumba, hata ikipita mikononi mwa nani. Anayenunua bila benki kuondoa rehani amenunua deni la mwingine. Tena Goma ina utawala ambao Kinshasa haiutambui. Hati inayoandikwa leo inaweza kukataliwa kesho.

Munigi inajua hasara. Mwaka 2002, na tena Mei 2021, moto wa Nyiragongo ulikula nyumba katika eneo hili. Mwenye deni alibaki na mawe meusi. Vita haijachoma nyumba hizi zote, lakini imezifungia thamani yake.

Msimamo wetu ni huu. Benki Kuu ya Kongo itoe agizo la wazi: kwa muda wote ambao benki zimefungwa, faini zisihesabiwe, na mkopaji apewe mpango mpya wa malipo. Benki zitasema pesa hizo ni akiba za wateja wengine. Ni kweli, ndiyo maana hatuombi deni lifutwe. Lakini kunyang'anya nyumba na kuiuza katika soko lililokufa hakutarudisha akiba hizo.

Naye mkopaji asinyamaze. Aiandikie benki yake, hata kupitia tawi la Kinshasa, aeleze alipo na kile anachoweza kulipa, kisha atunze nakala. Amwachie ndugu anayeaminika barua ya uwakilishi iliyopitishwa kwa notere, nyumba isikaliwe na wasiojulikana. Akipata mnunuzi, wote watatu waketi pamoja: mwenye nyumba, mnunuzi na benki. Pesa zipite kwanza kwenye deni, na kinachobaki ndicho chake.

Mtu aliyekimbia risasi asirudi kukuta nyumba yake imeuzwa kwa sababu hakukuwa na dirisha la kulipia.