Usukani, Mpaka na Utingo wa Rusumo

Tangu Karl Benz wa Ujerumani alipopata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, mafundi wamekwisha kubadili karibu kila kiungo cha chombo hicho. Walakini upande wa barabara ambao gari lapita haukuamuliwa na fundi bali na dola, na hayo yadhihirika Rusumo, wilayani Ngara, ambako lori litokalo bandari ya Dar es Salaam, likiisha kupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo likishika kushoto, huvuka mto Kagera kuingia Rwanda na kulazimika kushika kulia.

Asili yake ni Vita Kuu ya Kwanza. Kabla ya vita hivyo ng'ambo zote mbili zilikuwa koloni moja la Wajerumani; baadaye Mwingereza akapewa Tanganyika na Mbelgiji Rwanda na Urundi, kila mmoja na kanuni zake. Hata Bugufi, iliyokuwa ikimtii mwami wa Burundi, ikaangukia kwa Mwingereza, ndiyo maana magari ya Kabanga hupita kushoto na ya jirani zao wa Kobero, upande wa Burundi, kulia.

Wako wanaotaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ichague upande mmoja. Nigeria ilihama kutoka kushoto mwaka 1972, Ghana mwaka 1974. Lakini sisi leo, wenye mabasi ambayo milango yake yafungukia kushoto na alama za barabarani zisizo na idadi, tutaingia gharama ambayo sioni tija yake.

Hatari yenyewe, kwa insafu, haimo katika kuhama upande pale mpakani, maana hapo kila dereva yu macho. Imo mbele ya safari, katika vilima vya Rwanda, ambako dereva wetu, mwenye usukani wa kulia, huwa ameketi kando ya barabara, na akitaka kulipita gari lililomtangulia hawezi kuona lijalo mpaka nusu ya lori lake iwe imekwisha kutokeza. Dereva wa Kinyarwanda ajaye Ngara hufikwa na taabu iyo hiyo. Jicho la kila mmoja wao ni utingo, kijana ambaye matajiri wengi humhesabu kuwa mpakizi tu. Basi sheria imtambue: lori lolote livukalo Rusumo au Kabanga lisiruhusiwe bila mtu wa pili aliyefunzwa, mwenye cheti na ujira unaojulikana.