Unapotamani nyumbani, unamtamani nani?



Ukimuuliza mkazi wa Dar es Salaam, "Kwenu wapi?" ni nadra akujibu Tabata au Mbagala. Atakutajia Songea, Rombo, Musoma au Muleba, hata kama kwa miaka thelathini hajawahi kukaa huko zaidi ya wiki mbili mfululizo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wetu tukiulizwa tunafanya nini hapa, tutasema tumekuja kutafuta maisha. Nyumbani ni kule. Mpendwa msomaji, leo tutafakari pamoja hali hii ya kuwa na miguu mjini na moyo nyumbani, kwa kuwa inagusa imani yetu, na inagusa ndoa zetu kuliko tunavyodhani.

Wapo wanandoa, wenyeji wa Kagera, waliniruhusu nisimulie jinsi walivyoadhimisha miaka 25 ya ndoa yao. Walitamani kwenda kwao, lakini likizo ya baba ilikuwa mbali na safari ni ya zaidi ya kilomita 1,300. Watoto wakawachangia fedha kidogo wakawaambia: "Baba na mama, Jumamosi na Jumapili hii tembeeni mji huu mlioishi miaka yote."

Wakaanza asubuhi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, linalotazama bandari. Walisali bila haraka ya kuwahi daladala. Wakatembea hadi Feri, wakala samaki wa kukaanga, wakapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, bila shughuli yoyote ya kuwapeleka huko. Mama alinichekesha aliposema kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu fungate kushikwa mkono na mumewe barabarani.

Alasiri wakaenda Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Walipofika kwenye msonge wa Wahaya, ile nyumba ya mviringo ambayo nyasi zake hushuka hadi chini, mama aliinama akaingia, akakaa humo kwa muda. Alipotoka alikuwa analia.

Baba alimfariji kwa jambo alilokuwa nalo moyoni mwake mwenyewe. "Usijali, mama watoto. Mwaka huu tukiweka dari la jipsamu, nyumba yetu itakuwa imekwisha. Tutakwenda." Mama akamjibu: "Mimi silii nyumba. Namlilia mama yangu. Yuko peke yake."

Kwa miaka kumi na miwili wanandoa hawa wamekuwa wakijenga katika kijiji cha baba: bati la rangi, vigae, madirisha ya aluminiamu, geti. Kila mwaka nauli ya kwenda nyumbani iligeuka saruji. Mama mkwe anaishi kijiji kingine na ana miaka minne hajamwona binti yake. Watu hawa wawili walilala kitanda kimoja na kusali rozari moja, kila siku wakisema "tumepakumbuka nyumbani", kumbe neno hilo moja lilikuwa na maana mbili. Kwa baba nyumbani ni kibanja chake, migomba yake na nyumba atakayoiacha kwa watoto. Kwa mama nyumbani ni kikongwe mmoja anayeota moto peke yake jioni.

Sisemi kwamba kujenga kwao ni kosa. Mtu anayejenga kijijini anajiandalia uzee, anawaheshimu wazee wake, na anawaachia watoto mahali pa kuita kwao. Najua pia kwamba wapo watakaosema: "Padri, wewe hulipi ada wala kodi ya nyumba, ni rahisi kutushauri." Ni kweli. Lakini ninyi ni mashahidi wa yale tunayoyaona. Katika vijiji vingi vya Kagera na Kilimanjaro zipo nyumba nzuri zinazofungwa mwaka mzima, zikifunguliwa Krismasi au siku ya msiba. Mzee akifariki, kikundi cha WhatsApp kinajaa michango, basi la kukodi linapatikana kwa siku moja, na wote tunafika. Mzee huyohuyo alipokuwa anaumwa, akihitaji mtu wa kukaa naye siku tatu tu, kikundi kilikuwa kimya. Tunafika nyumbani kumzika mtu ambaye hatukufika kumwona. Kwa maoni yangu, huko si kupapenda nyumbani. Tumewapenda ukuta na kaburi kuliko mwenye kuishi.

Na huku mjini nako hatupo. Wanandoa hawa hawakuwa wamejiunga na jumuiya kwa sababu, kama walivyosema, "sisi ni wapita njia." Maaskofu wa AMECEA walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Mkristo awe na majirani wanaomjua kwa jina, hata mahali ambapo hana ndugu wa damu. Anayesema kwa miaka 25 kwamba anapita tu, atakosa majirani mjini na atakosa wazazi kijijini.

Maandiko Matakatifu yanaijua vizuri hali hii. Wayahudi walipochukuliwa utumwani Babeli, walikuwepo manabii waliowadanganya kwamba watarudi upesi. Yeremia aliwaandikia barua tofauti kabisa (sura ya 29). Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee mji ule, kwa kuwa amani yao ingetegemea amani ya mji huo. Hakuwaambia waisahau Yerusalemu. Aliwakataza tu wasiahirishe maisha hadi siku ya kurudi.

Nayo Injili ya Luka, sura ya 24, inatuonyesha wafuasi wawili wakiuacha mji walioupenda na kwenda Emau. Mmoja ni Kleopa. Wa pili hakutajwa jina. Baadhi ya wafafanuzi wamedhani kwamba huenda alikuwa mkewe, kwa kuwa Yohane anamtaja Maria wa Klopa chini ya msalaba. Hilo si fundisho la Kanisa, lakini linafaa kutafakariwa na wanandoa. Kristo alipowafikia hakuanza kwa kuhubiri. Aliwauliza walikuwa wanazungumza nini njiani, akawaacha waseme huzuni yao yote. Jioni akaingia nyumbani kwao na kuumega mkate. Na wao, baada ya kumtambua, hawakujifungia humo. Waliondoka saa ileile kurudi mjini kwa wenzao. Kristo alipoingia, nyumba na mji havikugombana tena.

Tunaye pia mfano wa karibu. Laurean Kardinali Rugambwa, mwana wa Kagera aliyeteuliwa kardinali mwaka 1960, alilichunga Jimbo la Bukoba, kisha Jimbo Kuu la Dar es Salaam hadi mwaka 1992. Alizeekea katika utumishi wa mji huu wa pwani, na leo mwili wake umelala katika Kanisa Kuu la Bukoba. Mtu anaweza kuutumikia mji kwa moyo wote na bado akabaki mtoto wa kwao.

Wanandoa wale jioni walikaa ufukweni wakapiga hesabu. Fedha za dari zilitosha nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na zawadi ya bibi. Dari litasubiri. Hawajasafiri bado, wanangoja likizo, lakini tarehe imeshapangwa na mama mkwe ameshaambiwa. Jumapili baada ya Misa walimtafuta mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wao.

Waraka kwa Waebrania unatukumbusha kwamba hapa duniani hatuna mji wa kudumu, bali tunautafuta ule ujao. Wengine hulichukua neno hilo kama ruhusa ya kutojali mahali walipo. Mimi naliona kinyume. Kwa kuwa hata Bukoba, hata Songea, si makao ya milele, basi tusiahirishe upendo kwa ajili ya tofali. Mbinguni tutakutana na watu, na nyumba zote tulizojenga tutaziacha huku.

Ndugu yangu, kabla ya kulala leo, muulize mwenzako: "Unapotamani nyumbani, unamtamani nani?" Msikilize hadi amalize, usimkatize kwa habari za bati. Kama mtu huyo bado yu hai, mpigieni simu usiku huuhuu, kisha mpange tarehe.

Nawatakia Dominika njema.