SANTURI YA MNYONGE



Mwezi huu naiacha mbolea. Nataka kukueleza habari za santuri ninayoipenda kuliko zote. Santuri ni sahani ya muziki. Hii ilitoka mwaka 1989. Jina lake ni la Kiingereza, Songs for the Poor Man, yaani Nyimbo za Mnyonge. Ni ya Remmy Ongala na bendi yake ya Matimila.

Remmy alizaliwa Kindu, nchini Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga muziki katika Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaingia Matimila. Siku hizo bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo zao Redio Tanzania. Lakini santuri hii ilirekodiwa Uingereza, katika studio ya Real World. Mwenye studio ni Peter Gabriel, mwimbaji wa muziki wa roki. Ilikuwa santuri ya kwanza ya Remmy kwa kampuni hiyo. Ya pili, Mambo, ilitoka mwaka 1992.

Mimi niliisikia hapa Nyakitonto nikiwa mwanafunzi. Kaka yangu alileta kaseti kutoka Kasulu. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani, kisha tukaendelea. Wimbo wa Kipenda Roho ulitunyamazisha wote. Ni wa taratibu. Gitaa moja linauliza, jingine linajibu, na Remmy hana haraka. Muziki Asili Yake Wapi ulituletea ubishi. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na hata leo ubishi haujaisha. Kiswahili chake kina ladha ya Kongo. Sisi wa Kigoma tumeizoea.

Sasa nikwambie jambo linalonisumbua. Kaseti ile ilikuwa ya kunakili. Nasi tukanakili nyingine, tukawapa rafiki zetu. Majuzi nilikipigia wimbo huo kikundi cha wakulima wa maharage. Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, huyo mwimbaji mlimlipa nini?"

Nilinyamaza. Mimi ndiye ninayepiga kelele kila msimu juu ya lumbesa. Mlanguzi akishindilia gunia mpaka likaota kilemba, mkulima amepunjwa. Remmy aliimba juu ya wanyonge, nasi wanyonge tukamfanyia lumbesa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii kama mali yake. Sisi tulikuwa tumekwisha kunakili.

Remmy alifariki Dar es Salaam mwezi Desemba 2010. Ukipanda basi la Sinza utasikia kondakta akiita, "Kwa Remmy!" Ndiko alikoishi.

Kama una simu, itafute santuri hiyo, uilipie. Anza na Kipenda Roho. Usiisikilize asubuhi ukiwa na haraka ya shamba. Ingoje jioni, jembe limekwisha kuoshwa.