Akiandika "Mimi ni Mzima", Tumwulize Tena

Mwezi uliopita nilialikwa Mji wa Kale, Mombasa, kwenye dua ya kumuaga kijana wa jirani zetu anayekwenda kusoma Misri. Ilikuwa shughuli ya kupendeza. Mashekhe walihudhuria, udi ulifukizwa, mahamri na kahawa vikapitishwa, naye kijana mwenyewe amekaa katikati na kanzu yake mpya, kichwa amekiinamisha. Kila aliyesimama alimuusia mambo mawili: asome kwa bidii, na asiwasahau wazazi wake. Ilipofika zamu yangu nikaambiwa, "Bwana Mwandishi, wewe uliyekwisha kunywa maji ya Nili, muusie mwenzio." Nikasimama. Nikamwambia asome kwa bidii, na asiwasahau wazazi wake.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nilikuwa na la kumwambia nikalimeza, kama nilivyolimeza kwa miaka thelathini na zaidi. Leo nataka kulitoa mbele yenu, wasomaji wapenzi, kwa kuwa naona si langu peke yangu.

Nilifika Cairo wiki ya kwanza ya Septemba 1992, umri wangu haujatimia miaka ishirini. Nilikwenda na mwenzangu tuliyesoma naye chuo kimoja, kwa maalimu mmoja. Jina lake nitalihifadhi. Kwa elimu alinipita mbali: Ajurumiya alikuwa nayo kifuani, Safina alikuwa akiwasomesha watoto, na akisoma Kurani wapita njia walisimama kusikiliza. Mtaani kwetu watu walisema, "Akirudi huyu, tumepata kadhi."

Siku ya pili tulitoka kwenda kununua mkate. Mwenzangu akamwambia mwuzaji, kwa Kiarabu kilichonyooka, irabu zote mahali pake, ya kuwa anataka khubzi. Yule bwana akatutazama, akacheka, akawaita wenziwe waje wasikilize. Hakuwa na ubaya. Alikuwa kama mwenye duka wa Mombasa aliyejiwa na mgeni anayeomba kibaba cha unga kwa lugha ya tenzi. Kumbe pale mkate ni aish, neno ambalo sisi tulifundishwa kuwa maana yake ni maisha. "Nataka" ni aayiz, na "sasa" ni dilwakti. Jimu yao huitamka ga, hata jamia ikawa gamia. Na kafu ile nzito wameimeza, hata kahawa, kinywaji chetu cha barazani, huitwa ahwa. Mji wenyewe hawauiti Al-Kahira kama ulivyo vitabuni, bali huuita Masri. Wahenga wamesema mgeni ni kipofu angawa na macho. Sisi tulikuwa vipofu, tena mabubu, na hali tulitoka kwetu tukiitwa mafundi wa Kiarabu.

Baada ya mkate, yakaja makaratasi. Vyeti vyetu vya Kenya vilitakiwa vilinganishwe na vya kwao kabla haijajulikana tutaingia darasa gani. Kuna ofisi moja, jina lake halina haja, ambayo tuliiendea asubuhi baada ya asubuhi na jawabu likawa lile lile: fut alena bukra, yaani tupitieni kesho. Kesho hiyo ilitukalisha wiki tatu. Mwishowe tukaambiwa tuanzie chini, madarasa ya sekondari, pamoja na watoto waliotuzidi wepesi wa ulimi nasi tukiwazidi ndevu. Mwenzangu, aliyezoea kukaa mbele ya wanafunzi akiwasomesha, akakaa nyuma kabisa wala hakufungua kinywa.

Tulipanga chumba Abbasiya, ghorofa ya nne, pamoja na vijana wawili wa Afrika Mashariki waliotutangulia. Chakula kilikuwa ful asubuhi na ful jioni, maharagwe yale yanayopikwa usiku kucha kwa moto mdogo. Leo nayapenda. Siku zile kila tonge lilinikumbusha mbaazi za nazi za mama. Usiku nilimsikia mwenzangu akilia chini ya shuka. Naye, sina shaka, alinisikia mimi. Asubuhi hatukuambiana neno.

Na barua tukaandika. Siku ya Ijumaa tulikaa meza moja, kila mtu na karatasi yake, na kila mtu akaanza kama tulivyofunzwa: ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu. Maneno haya tumeyarithi, na ni adabu njema. Lakini sidhani kama kuna mstari mwingine katika lugha yetu uliobeba uongo mwingi kama huo. Mwenzangu alijibiwa na mzee wake ya kwamba barua yake imesomwa barazani na watu wote wamefurahi. Nafikiri jawabu hilo ndilo lililomvunja. Angeliandikaje barua ya pili kuitangua ile iliyokwisha kusomwa mbele ya watu?

Tarehe 5 Oktoba aliondoka. Aliuza saa yake na redio, akakopa kwa wenzetu, akapata tikiti. Nilimsindikiza hata uwanja wa ndege, naye hakusema ila neno moja: "Waambie nilikuwa mgonjwa."

Wiki moja baadaye, Jumatatu tarehe 12 Oktoba, alasiri, nilikuwa napanda ngazi na kikapu mkononi pale nyumba ilipoanza kwenda huku na huku kama jahazi lililopigwa na wimbi la ubavuni. Watoto wa chuo sote tumeihifadhi Surat Zilzala tungali wadogo, tukaisoma mbio mbio katika Amma ili twende tukacheze. Siku ile niliisoma polepole. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akanishika mkono, akaniburura hata chini, akinipigia kelele, "Taala, ya ibni!" yaani njoo, mwanangu. Tetemeko lile liliua watu zaidi ya 500 katika Cairo na miji ya karibu, na majeruhi walikuwa maelfu. Nyumba yetu Mwenyezi Mungu aliinusuru. Tulilala uwanjani na jirani zetu wote, na yule mama akakata aish yake nusu kwa nusu, akanipa na jibini, akaniuliza kama nina mama. Nilimjibu kwa lugha ya mtaani iliyovunjika vunjika, naye hakucheka. Tangu usiku ule sikuwa mgeni tena katika nyumba ile. Akiteremsha kapu lake kwa kamba kutoka dirishani kununua mkate, huniita mimi nimtilie.

Huku kwetu habari zilisikika redioni. Mama yangu akaenda dukani kwa jirani mwenye simu, akakaa hapo siku tatu mpaka nilipopatikana. Akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu nilipoondoka: Walala wapi? Umekula nini? Nani aliye karibu nawe? Waogopa? Nikasema, "Naam, mama, naogopa." Lilikuwa neno la kweli la kwanza kulisema kwa watu wa kwetu, na mji mzima ulinihurumia.

Sasa tazameni, ndugu zangu. Tetemeko la ardhi lilikuwa la nukta chache tu, lakini kwa kuwa redio imelitaja, niliruhusiwa kuogopa. Tetemeko la wiki tano zilizotangulia, la njaa na upweke na fedheha, hakuna redio iliyolitaja, na kwa hivyo halikuwako. Mwenzangu angelingoja siku saba tu, angelirudi nyumbani akiwa mtu aliyeokoka na maafa, akapokewa kwa machozi na kuchinjiwa mbuzi. Yeye alitangulia, akapokewa kwa kicheko.

Nilirudi likizo mwaka 1996 nikakuta amepewa jina: Azhari wa Mwezi Mmoja. Watoto walimwita hivyo njiani. Jioni moja barazani mtu akalitaja, watu wakacheka, kisha wakanigeukia mimi: "Eti kulikuwa na nini huko hata mtu akimbie?" Nilikuwa na jawabu. Niliweza kusema, mimi pia nililia, tena yeye alinishinda kwa elimu, na lililonibakisha si ushujaa bali ni kutopata mtu wa kuninunulia saa yangu. Sikusema. Nilitabasamu, nikanywa kahawa yangu. Mwenzangu hakusomesha tena. Alihama mji, akafanya kazi za malori, na alifariki kabla sijamwomba radhi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ile sauti yake tuliipoteza sisi, wala si Misri.

Wako watakaosema, "Mwandishi ataka kutudekezea watoto. Wazee wetu walisafiri kwa jahazi, wakala tende na papa, wakasoma." Naam, walisafiri. Lakini wenye kuijua historia ya elimu watawaambia ya kuwa wazee hawakumtupa msafiri peke yake. Msikiti wa Al-Azhar ulianza kujengwa mwaka 970, na katika karne zilizofuata ukawa na riwaki, yaani kumbi za wanafunzi kwa nchi zao. Aliyetoka Shamu alikuwa na riwaki yake, aliyetoka Maghribi yake, na watu wa pande za Zeila na Uhabeshi walikuwa na Riwaki ya Jabarti, ambayo jamaa ya yule mwandishi mkubwa wa historia, Abdulrahman Al-Jabarti, waliisimamia. Mgeni akifika hupata watu wa kwao, hupata shekhe wa kumwangalia, na hupata fungu lake la mkate kila siku. Waliotangulia walijua ya kuwa mwanafunzi huhitaji mkate na watu kabla ya kitabu. Basi kama huko ni kudekeza, Al-Azhar imedekeza wanazuoni kwa mamia ya miaka.

Na liko jingine. Baada ya tetemeko nilikwenda kumzuru Imamu Shafi, ambaye sisi watu wa pwani twaifuata madhehebu yake. Juu ya kuba lake, lililojengwa mwaka 1211, pana chombo kidogo cha shaba. Mimi mtoto wa Mombasa nilikiona nikasimama pale pale njiani, nikacheka peke yangu, cheko la kwanza tangu kufika. Nikakumbuka ya kuwa Imamu mwenyewe alifika Misri akiwa mgeni, ametoka Iraki, umri wake unakaribia miaka hamsini. Alikuwa amekwisha kutoa kauli zake na watu wamezichukua. Huko Misri akazipitia upya, nyingine akazibadili, na ndiyo sababu vitabu vyetu vya fiqhi hutaja kauli ya kale na kauli mpya. Ikiwa Imamu hakuona haya kuanza upya ugenini, kwa nini sisi tumtake kijana wa miaka kumi na tisa afike akijua kila kitu, na akikosea asiseme?

Siku hizi barua hazipo tena. Kijana ana simu mfukoni, na mama yake humwona uso kila jioni. Lakini uongo ni ule ule, umevaa nguo mpya. Atapiga picha kando ya Nili, nyuma yake taa zang'ara, aitume, nasi tuioneshe barazani kama ile barua. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, wanafunzi wetu waliokuwa Khartoum walirudi nasi tukawapokea kwa machozi, na ilikuwa haki yao. Nauliza tu: anayerudi bila ya vita, tumemwekea nini?

Kwa maoni yangu yako mambo matatu tuyafanyayo vibaya, na hayana gharama kuyatengeneza. Kwanza, kabla ya dua ya kuaga, kijana akalishwe na waliokwisha kwenda, wamwambie ya sokoni na ya ofisini, wamfunze kupika wali na kufua, na wasimfiche kwamba walilia. Pili, akisema "mimi ni mzima", tushukuru Mungu, kisha tumwulize tena: umekula nini leo, na umekula na nani? Swali hilo la pili ndilo lenye habari. Tatu, ajue kabla hajapanda ndege ya kuwa akishindwa, mlango wa kwao u wazi, wala hana jina jipya linalomngojea barazani. Aliye na hakika ya kupokewa hatakuwa na haraka ya kurudi.

Kijana yule ataondoka wiki ijayo, inshallah. Jana nilimwendea kwao, tukakaa ukumbini, nikamweleza habari ya khubzi na aish mpaka akacheka. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ami, nawe ulilia?" Nikamwambia, "Naam. Na mwenzangu pia." Nikamweleza habari ya mwenzangu huyo mwanzo hadi mwisho, na mamake alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Huyo nimemwambia. Ninyi nawaachia ubeti huu mmoja:

Akienda wa safari, tumpe na la moyoni,
Kuna tamu kuna shari, huko huko ugenini,
Akirudi kwa hiari, asichekwe barazani,
Chombo hurudi bandari, kitiwe tena majini.