MTOTO WA MKULIMA NAYE ASHIKE USUKANI WA NDEGE

Mtu akisimama Mtae, au penye jabali la Irente karibu na mji wa Lushoto, huona jambo ambalo watu wa nchi tambarare hawalioni: huutazama mgongo wa mwewe arukaye chini yake, na nyika imetandazwa mbali kama mkeka. Watoto wa milima ya Usambara wamezaliwa na kukulia katika mandhari hayo. Lakini ukiwauliza ni nani kati yao anayetazamia kuwa rubani, wengi watacheka, kana kwamba umewauliza ni nani atakayeuoa mwezi. Twasema kwamba kicheko hicho kina sababu, na sababu yake haimo katika vichwa vya watoto.

Wako watu wanaopenda kuifanya kazi ya urubani kuwa fumbo. Husema kwamba rubani sharti awe mtu wa namna ya peke yake, mwenye damu baridi na akili isiyo ya kawaida. Maneno hayo hayana msingi. Urubani ni ufundi, kama vile useremala, uuguzi na uendeshaji wa garimoshi ni ufundi. Ufundi hufundishwa, na mwenye afya, bidii na utii kwa kanuni hujifunza. Tungependa basi kuwaeleza ndugu zetu wasomaji namna somo la kwanza la urubani lilivyo, ili kila mzazi apime mwenyewe kama mtoto wake analiweza au haliwezi.

Somo hilo halianzii angani. Mwanafunzi huanza kwa kuizunguka ndege ndogo kwa miguu pamoja na mwalimu wake. Hupima mafuta katika matangi, hutazama kiasi cha oili ya injini, hukagua magurudumu, mkia na mabawa, na kuhakikisha kwamba hakuna kilicholegea wala kilichopasuka. Kisha mwanafunzi huketi upande wa kushoto na mwalimu upande wa kulia, kila mmoja akiwa na usukani wake, kwa maana ndege ya kufundishia ina usukani wa watu wawili. Ikiwa bado chini, ndege huongozwa hasa kwa miguu, wala si kwa kuuzungusha usukani kama motokaa, na hapo ndipo wengi walio madereva hodari hujikuta wanakwenda upogo.

Angani mwanafunzi hufundishwa mambo manne: kwenda sawa bila kupanda wala kushuka, kupanda, kushuka, na kugeuka. Huambiwa asikodolee macho saa na vipimo vilivyo mbele yake, bali atazame nje, aulinganishe ubapa wa pua ya ndege na upeo wa macho. Katika masomo yafuatayo hufundishwa jambo moja lililo kinyume cha maumbile ya binadamu. Mtu akiona ndege inataka kuanguka, mikono yake hutaka kuinua pua juu. Kumbe pua ikiinuliwa kupita kiasi, hewa haipiti tena vizuri juu ya bawa, na bawa hukosa nguvu ya kuibeba ndege. Dawa yake ni kuishusha pua, ili bawa lipate hewa tena. Mwanafunzi sharti arudie zoezi hilo mpaka mikono yake iitii elimu badala ya kuitii hofu. Hiyo ndiyo siri yote ya urubani, nayo haina uhusiano wowote na ukubwa wa mfuko wa baba.

Muda wa somo hilo la kwanza huandikwa katika daftari la saa za kuruka, na tangu hapo hesabu imeanza. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, mtu hawezi kupata leseni ya urubani wa binafsi kabla hajatimiza miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 akiwa katika mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Leseni ya urubani wa biashara, yaani ya kulipwa mshahara, hutaka miaka 18 na saa 200, au 150 katika mafunzo ya namna hiyo. Anayetaka kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria hutakiwa awe na miaka 21 na saa 1,500. Hata saa 200 si mlima usiopandika: mwanafunzi arukaye saa moja kwa siku, siku tano kwa juma, huzimaliza kwa majuma 40. Wala kuvaa miwani peke yake hakumzuii mtu, maadamu kwa miwani hiyo anaona kama inavyotakiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa nini basi twaitaja Lushoto? Kwanza, kwa sababu milima yenyewe ni kitabu cha elimu ya anga. Mtoto wa huko anajua kwamba upepo utokao bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ukaleta mvua na ukungu, na kwamba upande wa pili nyika ya Mkomazi hubaki kavu. Anajua kwamba asubuhi Magamba huweza kufunikwa na wingu huku Mombo kukiwa na jua kali. Lisilofundishwa kwake ni kwamba mambo hayo hayo ndiyo yanayotahiniwa katika mtihani wa rubani. Katika kimo cha Lushoto, yapata mita 1,400 juu ya bahari, hewa imepungua uzito kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko ile ya Tanga, na joto likizidi hupungua tena. Ndege ikiwa katika hewa nyepesi hutaka njia ndefu zaidi ya kurukia, na injini yake hupungukiwa nguvu. Upepo ukivuka kilele hushuka upande wa pili kwa kishindo, ukaweza kuibana ndege ndogo chini. Tena mahali palipozungukwa na milima upeo wa kweli haufai kutafutwa kwa macho tu, kwa kuwa mteremko humdanganya mtu akadhani yuko sawa kumbe amelala upande.

Kwa sababu hizo hatusemi kwamba chuo cha marubani kijengwe Lushoto. Wanafunzi wa kwanza hufaa kufundishwa katika nchi tambarare yenye kiwanja kipana. Tunalosema ni kwamba mlango wa chuo hicho, po pote kilipo, usiwe mwembamba hata mtoto wa Lushoto asiweze kupita.

Tunalo funzo la historia katika jambo hili. Baada ya uhuru vijana wetu wa jeshi la anga walitegemea walimu wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1965 ulipozuka ugomvi juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki katika nchi yetu, serikali ya Bonn iliondoa msaada huo, na Mwalimu Nyerere akaona ni afadhali kukosa msaada kuliko kuamriwa siasa yetu. Kanada ikashika nafasi, na vijana wakaenda kufundishwa huko. Mwaka 1971 nchi za Afrika Mashariki zilifungua chuo cha usafiri wa anga huko Soroti, Uganda, ili tujifunze nyumbani kwa pamoja. Lakini Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1946 likafa, na chuo kikabaki mikononi mwa Uganda. Tanzania ikaanzisha shirika lake la ndege mwaka huo huo, ikiwa na haja ya marubani lakini haina chuo chake cha kuwafundisha. Wahenga walisema kwamba cha kuazima hakisitiri.

Tangu mwaka 2016 Serikali imenunua ndege mpya kwa fedha za umma, na mwaka 2018 ikafika ndege kubwa ya Boeing 787 iwezayo kwenda mabara ya mbali. Fedha hizo zimo kodi za mkulima wa kabichi wa Lukozi, za mchuma chai, na za kuli apakiaye karoti ziendazo soko la Kariakoo. Watu hawa wamelipia ndege, nao wengi wao hawajapata kuipanda. Sisi hatuwahesabii hilo kuwa dhulma, kwa maana ndege ya taifa huleta faida kwa njia nyingi. Lakini itakuwa dhulma ya wazi ikiwa wao wamelipia ndege na viti viwili vya mbele vikawa urithi wa watoto wa wenye nacho. Mafunzo mpaka leseni ya biashara hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Hakuna mkulima wa bustani ya nusu eka awezaye kutoa fedha hizo, hata akiuza mavuno ya miaka kumi.

Tunajua yatakayosemwa. Watasema kwamba vijiji vingi vina haja ya zahanati, maji na barabara zisizokatika wakati wa masika, na kwamba kuzungumza juu ya marubani ni anasa. Tunawajibu hivi. Marubani watakuwapo kwa vyo vyote, kwa sababu ndege zimekwisha nunuliwa. Swali ni hili tu: watatoka wapi, na watachaguliwa kwa kipimo gani? Kuwachagua kwa fedha ni hasara hata kwa abiria. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia Ziwa Victoria ikikaribia kiwanja cha Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, na wavuvi wakawa wa kwanza kufika kuokoa. Hatuitaji ajali hiyo ili kumlaumu ye yote. Twaitaja kukumbusha kwamba uhai wa watu wengi humo mikononi mwa watu wawili, na taifa lenye busara hutafuta mikono hiyo katika watoto wake wote, si katika sehemu ndogo ya wale wenye uwezo wa kulipa.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, shule za sekondari za milimani zipatiwe walimu wa kutosha wa hesabu na fizikia, na Kiingereza kifundishwe kwa makini, maana tangu mwaka 2008 rubani wa safari za kimataifa sharti aonyeshe kwamba anakimudu angalau kwa daraja la nne kati ya sita. La pili, nafasi za kufundishwa kwa fedha za umma zigawanywe kwa mtihani mmoja ulio wazi, utangazwao mpaka Mlalo na Bumbuli, na atakayefaulu atie sahihi ya kulitumikia taifa kwa miaka maalumu. La tatu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho kimechukua hatua ya kufundisha marubani humu nchini, kiimarishwe kwa walimu, mafundi na mafuta. Ndege ya kufundishia ilalayo katika banda haimfundishi mtu.

Kwa wazazi twasema: msimcheke mtoto atajaye urubani, wala msimwambie binti kwamba kazi hiyo si yake, maana usukani hauulizi aushikaye ni mume au mke. Kwa vijana twasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeitamani anga leo na ainame juu ya kitabu cha hesabu. Na kwa wenye madaraka twasema kwamba saa ya kwanza ya kuruka ndiyo iliyo ngumu kupita zote kwa mtoto wa maskini, kwa kuwa hakuna wa kuilipia. Taifa likimlipia hiyo na zile zinazofuata, deni lake atalilipa kila siku atakapowateremsha abiria wakiwa salama.